Namna ya Kuchunguza Kinga ya Chaza, Kutoka Horini hadi Chini ya Hadubini

Chaza aliyejigandisha kwenye mzizi wa mkoko kando ya hori la Tudor, Mombasa, hana pa kukimbilia. Maji yakijaa huchuja kila kinacholetwa na mkondo, mwani, bakteria, mchanga na uchafu wa mji. Maji yakipwa hufunga gamba na kusubiri juani kwa saa kadhaa. Hana kingamwili, yaani zile protini ambazo miili yetu huunda ili kumtambua adui aliyewahi kutushambulia, wala hana limfosaiti za kuziunda. Tegemeo lake ni gamba, ute, protini kadhaa za kuua vijidudu, na zaidi ya yote seli za damu yake ziitwazo hemosaiti, ambazo huzunguka mwilini, humeza vitu vigeni vidogo na kuvizingira vilivyo vikubwa. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuzitoa seli hizo, kuzihesabu, kuzitazama zikimeza, na kuzisaka ndani ya nyama ya chaza baada ya jeraha. Umeandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa sayansi ya bahari na mafundi wa maabara walio na hadubini ya kawaida, mabomba ya sindano na subira.

Jambo moja nalitanguliza, kwa kuwa ndilo linalopotosha kazi nyingi ninazoletewa nizisome: idadi ya hemosaiti katika damu, ikiwa peke yake, haikuelezi kama chaza yuko vitani au yuko shwari. Anapojeruhiwa au kudungwa kitu kigeni, seli za damu zinaweza kuongezeka kwa sababu zimeitwa kutoka kwenye tishu, na zinaweza vilevile kupungua kwa sababu zimeiacha damu na kwenda kwenye jeraha. Mwanafunzi anayeona idadi imeshuka akaandika kwamba kinga imedhoofika huenda ameandika kinyume kabisa cha kilichotokea. Kwa hiyo damu na nyama husomwa pamoja, na chaza aliyedungwa husomwa kando ya mwenzake ambaye hakuguswa.

Inflamesheni isiyo na wekundu

Madaktari hufundishwa dalili nne za inflamesheni, yaani mwitikio wa mwili kwa jeraha au maambukizi, zilizoandikwa na Celsus, Mrumi wa karne ya 1, nazo ni wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Tukizipeleka kwa chaza, karibu zote zinatuponyoka. Damu yake, ambayo kitaalamu huitwa hemolimfu, haina himoglobini, hivyo haiwezi kukipa kidonda wekundu. Joto la mwili wake ni lile la maji yanayomzunguka. Na maumivu yake hatuna pa kuyasomea. Uvimbe ndio unaobaki, nao mara nyingi hauonekani kwa macho matupu. Ndiyo sababu ninatumia neno inflamesheni hapa badala ya uvimbe: kinachotafutwa ni msongamano wa hemosaiti mahali ambapo kwa kawaida hazijazani. Wale watakaojaribu njia hizi kwa kombe wa jamii ya Anadara wasishtuke wakivuta majimaji mekundu, kwa maana kombe hao ni miongoni mwa wachache wenye himoglobini ndani ya seli za damu.

Elimu hii yenyewe ilianza kwa mnyama wa baharini. Mwaka 1882, huko Messina, Elie Metchnikoff alichoma miiba katika lava, yaani mtoto mchanga, angavu wa kiti cha pweza, na kesho yake akaona seli zimeuzunguka mwiba. Kazi iliyoanzia hapo ndiyo iliyomfanya agawane Tuzo ya Nobel na Paul Ehrlich mwaka 1908. Kuhusu chaza, Leslie Stauber alionyesha mwaka 1950 kwamba wino ukidungwa moyoni mwake humezwa na hemosaiti, kisha seli hizo hupenya kuta za utumbo na ngozi zikatoka nje ya mwili pamoja na mzigo wake. Picha hiyo ya seli inayobeba taka hadi nje na kutorudi ni vyema uwe nayo akilini unapoitazama slaidi yako ya kwanza.

Kuwapata chaza bila kuwachokoza

Utafiti wowote hapa Kenya unahitaji kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Bahari ya Mombasa, iliyotangazwa mwaka 1986, hairuhusiwi kuchukua kiumbe chochote bila idhini ya wasimamizi wake. Kwa mazoezi, chaza wa miamba, Saccostrea cucullata, wanatosha kabisa, nao wako wengi kwenye mawe na mikoko ya Tudor na Mtwapa. Nenda wakati wa bamvua, maji yakiwa yamepwa vizuri, na uwachukue wote kutoka kimo kimoja cha mwamba. Yule wa juu amekaa hewani muda mrefu kuliko yule wa chini, na kukaa hewani peke yake hubadilisha damu. Ukiwachanganya utakuwa umepima kimo cha mwamba ukidhani umepima ugonjwa. Vaa glavu nene, kwa sababu gamba lake hukata kama wembe na maji ya horini yana bakteria wa jamii ya Vibrio ambao hawapaswi kuingia kwenye kidonda.

Mara ya kwanza nilipoifanya kazi hii niliwaweka chaza kwenye ndoo isiyo na kifuniko, nikapanda matatu saa sita mchana, na foleni ya Buxton ikatushika. Nilipofika maabara nikavuta damu papo hapo, na kila bomba likajaa mabonge meupe ya seli zilizoshikana. Siku mbili nzima niliamini nimegundua ugonjwa, mpaka fundi mmoja mzee aliponiuliza swali moja tu, kwamba chaza wale niliwasafirisha vipi. Tangu siku hiyo huwafunga kwa gunia lililoloweshwa maji ya bahari, nikaliweka ndani ya sanduku lenye barafu chini yake bila barafu kuwagusa, na nikifika huwapumzisha ndani ya tangi lenye maji ya bahari yaliyochujwa na pampu ya hewa kwa siku tatu hadi saba kabla ya kuwagusa tena. Maji ya tangi yawe na chumvi sawa na ya kule walikotoka. Chaza hulinganisha chumvi ya damu yake na ya maji yaliyomzunguka, hivyo ukimtoa horini wakati wa masika, maji yakiwa yamechanganyika na ya mvua, ukamtia kwenye maji ya bahari kuu, seli zake zitanywea.

Kutoa damu

Mpasue chaza mmoja kwanza ili ujifunze msuli wa kufungia gamba ulipo. Kwa kukadiria, uko theluthi mbili ya njia kutoka kwenye bawaba kuelekea ukingoni, ukiegemea upande mmoja. Kwa wale utakaowapima, tumia tupa kulainisha ukingo wa gamba ulio jirani na msuli huo hadi upate upenyo mdogo wa kupitisha sindano, na uwe mwangalifu usilikate joho, yaani ule utando unaolitanda gamba kwa ndani. Acha maji yaliyomo kati ya magamba yamwagike yote, kisha ufute kwa karatasi safi. Bila hatua hiyo utavuta maji ya bahari na kuyaita damu.

Tumia bomba la mililita 1 na sindano ya geji 23 au 25, vyote vikiwa vimepoa kwenye barafu. Ingiza sindano ndani ya msuli na uvute polepole mno, kwa kuwa ukivuta kwa nguvu seli hupasuka na kipande cha msuli huziba tundu. Damu nzuri inafanana na maji ya kwanza ya kuoshea mchele yaliyozimuliwa, yaani ina ukungu kidogo bila kuwa nyeupe. Ikiwa nyeupe kama tui, huenda umechoma tezi ya uzazi na hayo ni manii. Ikiwa angavu kabisa, huenda ni maji ya bahari. Weka tone moja kwenye slaidi na utazame mara moja. Ukiona mwani wa kijani au vijidudu vyenye vinyweleo vikikimbia huku na huko, itupe sampuli hiyo na usijaribu kuiokoa kwa hesabu.

Hemosaiti zikitoka mwilini huanza kushikana baada ya muda mfupi tu, na hivyo ndivyo chaza anavyoziba jeraha, kwa kuwa damu yake haigandi kwa nyuzi kama yetu. Kwa kuhesabu, changanya damu na kiasi kilicho sawa nayo cha mchanganyiko wa Alsever uliorekebishwa kwa viumbe wa baharini: katika lita moja ya maji yaliyotoneshwa tia gramu 20.8 za glukosi, gramu 8 za sitrati ya sodiamu, gramu 3.36 za EDTA na gramu 22.3 za chumvi safi, kisha uchuje na kuweka jokofuni. EDTA huwa ngumu kuyeyuka mpaka uipandishe pH kwa hidroksidi ya sodiamu, tone kwa tone, hadi ikaribie 7.5. Kazi yake ni kuikamata kalisi, ambayo bila hiyo seli hazishikani.

Kuhesabu

Jaza chemba ya Neubauer, kile kioo chenye miraba ya kuhesabia seli, kwa damu iliyozimuliwa, subiri dakika mbili tatu seli zitue, kisha uhesabu miraba minne mikubwa ya pembeni. Kila mraba mkubwa una ujazo wa mikrolita 0.1, kwa hiyo wastani wa mraba mmoja huzidishwa kwa 10,000 na kwa kiwango cha kuzimua. Tuseme miraba minne imetoa seli 312. Wastani ni 78, na kwa kuwa ulizimua nusu kwa nusu, 78 mara 2 mara 10,000 ni seli 1,560,000 kwa kila mililita. Mabonge yakiwa mengi usikadirie zilizomo ndani yake; rudia kwa chaza mwingine. Ongeza rangi ya tripani ya bluu ya asilimia 0.4 kwenye sehemu ya sampuli ili ujue zilizokufa, kwani seli iliyokufa huingiwa na bluu na iliyo hai huikataa.

Usichanganye damu ya chaza kumi kwenye chupa moja ili kupunguza kazi. Chaza wawili waliokulia jiwe moja wanaweza kutofautiana mara kadhaa, na tofauti hiyo ndiyo itakayokuambia kama tofauti ya makundi yako ina maana. Kwa uchache, kila kundi liwe na chaza kumi, kila mmoja na namba yake.

Kutazama seli zikimeza

Hapa ndipo kazi inaponoga, na hapa ndipo Alsever inapowekwa kando, kwa sababu seli iliyonyimwa kalisi haishiki kioo wala haimezi vizuri. Kama chambo tumia hamira kavu ya dukani. Koroga kijiko kidogo kwenye mililita 50 za maji ya bahari yaliyochujwa, chemsha kwa dakika 15 ili ife, tia rangi ya Kongo nyekundu, kisha uioshe kwa mashine ya kuzungusha mara tatu au zaidi, hadi maji ya juu yasiwe na rangi. Zimua hadi uwe na chembe za hamira kama kumi kwa kila hemosaiti.

Dondosha damu isiyotiwa Alsever kwenye slaidi safi mara tu inapotoka kwenye bomba, uiweke ndani ya kisahani chenye karatasi iliyolowa ili isikauke, na uache dakika 20 hadi 30. Ukitazama wakati huo kwa ukuzaji wa mara 400 utaona seli ikitua ikiwa duara, kisha ukingo wake unaanza kutambaa kila upande, mwembamba na angavu, mpaka inafanana na yai lililopasuliwa kikaangoni, kiini katikati na ute umetandazika. Zile zilizojaa chembechembe zinazometameta ni granulosaiti. Zenye mwili laini, chembe chache na kiini kinachochukua nafasi kubwa ni hialinosaiti. Aina zote mbili huweza kumeza, ila granulosaiti kwa kawaida ndizo walafi.

Ongeza hamira, subiri dakika 30 hadi 60 katika joto la chumba, suuza taratibu kwa maji ya bahari yaliyochujwa, kausha kwa methanoli na upake rangi ya Giemsa. Slaidi nyingine moja usiikaushe, ukae nayo. Utaiona miguu bandia ya seli ikiigusa chembe nyekundu, ikisita, kisha utando ukipanda pande zote mbili mpaka chembe imezama ndani, na pengo dogo lenye mwanga likabaki kuizunguka. Pengo hilo ndilo ushahidi wako kwamba chembe imo ndani, wala haikulala tu juu ya mgongo wa seli. Mpimaji mgeni hukosea hapa kuliko mahali pengine popote. Katika slaidi zilizopakwa rangi hesabu hemosaiti 200, uandike asilimia ya zilizomeza angalau chembe moja, na wastani wa chembe kwa kila seli iliyomeza.

Asilimia kubwa isikupumbaze. Kumeza ni jambo moja na kuua ni jambo jingine. Kimelea Perkinsus marinus, aliyeelezwa mwaka 1950 kutoka kwa chaza wa Ghuba ya Meksiko, humezwa na hemosaiti kama chakula kingine chochote, kisha huishi na kuzaana humo humo ndani, na seli inayotembea humsambaza mwilini. Bonamia ostreae, anayewaua chaza bapa wa Ulaya, naye makao yake ni ndani ya hemosaiti. Kwa hiyo, ukiwa na rangi ya nyekundu isiyoegemea, ile ambayo hukusanyika ndani ya lisosomu, yaani vifuko vya kumeng'enyea, za seli hai, ipake kwenye seli za slaidi nyingine na upime itakaa muda gani kabla ya kuanza kuvuja. Seli iliyodhoofishwa na joto au sumu huiachia mapema, hata kama bado inameza.

Kusaka inflamesheni ndani ya nyama

Gawa chaza katika makundi matatu: wasioguswa kabisa, waliotiwa tupa na kudungwa mikrolita 100 za maji ya bahari yaliyochujwa na kuchemshwa, na waliodungwa kiasi hicho hicho chenye hamira iliyokufa. Kundi la katikati ndilo ambalo wanafunzi hulikata ili kuokoa muda, nami huwarudisha wakalifanye, kwa sababu tupa na sindano ni jeraha tosha la kuamsha seli; bila kundi hilo hutajua chaza amejibu hamira au amekujibu wewe. Toa sampuli saa 6, saa 24, saa 72 na siku ya 7 baada ya kudunga, kwa kila mmoja damu kwanza na nyama baadaye. Ratiba zilizotungwa kwa bahari zenye baridi za Ulaya zina nafasi ndefu mno kwetu, kwa kuwa joto huiharakisha kazi ya seli.

Nyama ikatwe kipande kimoja cha mkingamo chenye unene wa milimita 5, kinachopitia joho, matamvua na tezi ya mmeng'enyo kwa pamoja, kisha itiwe ndani ya mchanganyiko wa Davidson: sehemu moja ya gliserini, moja ya asidi ya asetiki, mbili za formalini, tatu za alkoholi ya asilimia 95 na tatu za maji ya bahari. Iache saa 24 hadi 48, uihamishie kwenye alkoholi ya asilimia 70, halafu ufuate njia ya kawaida ya nta, vipande vya mikromita 5, na rangi za hematoksilini na eosini.

Anza kwa kusoma slaidi za wasioguswa, na uzisome mpaka uzizoee. Hemosaiti chache zinazopenya ukuta wa utumbo ni jambo la kila siku kwa chaza mzima. Kwa aliyejeruhiwa utaona kwanza seli zikijazana ndani ya mishipa na kuegemea kuta zake, kisha zikimwagika kwenye tishu kuelekea jerahani. Baadaye zilizo ukingoni hurefuka na kulala kwa tabaka, zikitengeneza kizibo ambacho ngozi mpya itapanda juu yake. Kitu kikubwa kisichomezeka, kwa mfano lava wa mnyoo bapa, huzungushiwa tabaka za hemosaiti zilizobapa kama maganda ya kitunguu. Hayo si sawa na lulu, ambayo hufunikwa kwa madini yanayotolewa na ngozi ya joho, si na damu. Andika kama msongamano uko mahali pamoja au umetapakaa, na uupe alama kutoka 0 hadi 3, bila kujua slaidi ni ya kundi gani. Mwenzako azifunike namba kabla hujaanza.

Mtego mmoja bado upo. Chaza akimaliza kutaga, hemosaiti huingia kwa wingi kwenye tezi ya uzazi kula mayai na manii yaliyosalia, na slaidi yake hufanana sana na ya mgonjwa. Angalia hali ya tezi hiyo kabla ya kutoa alama, na kama nusu ya chaza wako wametaga na nusu hawajataga, ni afadhali uanze upya kwa wengine kuliko kulazimisha maelezo.

Ukimaliza, usimrudishe chaza yeyote horini, hata aliye hai, wala usimwage maji ya tangi baharini kabla ya kuyatia klorini na kuyaacha usiku kucha, kwa kuwa vimelea vya chaza husafiri vizuri sana kwa ndoo za watafiti. Magamba na nyama vichemshwe. Mabaki ya Davidson yawekwe kwenye chupa yake yenye lebo, mbali na klorini, yasubiri kuchukuliwa na wahusika wa taka za kemikali.